Mambo ya kuzingatia kabla ya kumwingiza mtoto mdogo katika jimnastiki ya mashindano

Mzazi wa Kigoma anayemwona binti yake wa miaka sita akipinduka hewani juu ya mchanga wa Kibirizi, kisha akaambiwa na mwalimu wa sarakasi kwamba mtoto huyo ana mwili wa mashindano, hujaa furaha na kutaka kukubali papo hapo. Ningemwomba asubiri majuma machache, kwa kuwa kipaji si jambo la kwanza la kuulizwa. La kwanza ni nani atakayemshika mtoto anaporuka, na ataangukia juu ya nini.

Muda upo. Tangu mwaka 1997, kanuni za kimataifa zinamtaka msichana awe anatimiza angalau miaka 16 katika mwaka wa mashindano ndipo ashindane na wakubwa. Wavulana hutakiwa kutimiza 18. Nadia Comăneci wa Romania alipopata alama 10 kamili katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 alikuwa na miaka 14, na kwa kanuni za sasa asingeruhusiwa kushiriki. Kwa hiyo anayekuhimiza kwamba umri wa mtoto wa miaka sita unapita hakuambii ukweli.

Mifupa ya mtoto hurefuka kupitia sehemu laini za gegedu zilizo karibu na ncha zake, na katika mchezo huu kifundo cha mkono hubeba uzito wa mwili mzima mara nyingi kwa siku, jambo linaloweza kuumiza sehemu hizo na hata kuzuia mfupa kukua sawasawa. Maumivu ya kifundo yanayorudi kila baada ya mazoezi si ya kukandwa kwa maji ya moto na kusahauliwa. Mtoto apumzishwe na apelekwe hospitali, kwa mfano Maweni, akachunguzwe. Ushauri unaotolewa sana na madaktari wa michezo ni kwamba saa za mazoezi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto, na wiki isikose siku ya mapumziko.

Nenda uwanjani bila kutoa taarifa. Angalia kama magodoro yameachana, kama kuna ukingo wa saruji karibu, na kama mtoto anayejifunza kutembea juu ya boriti, ambayo ya mashindano ina upana wa sentimita 10 tu na kimo cha sentimita 125, ameanzia kwenye mstari uliochorwa chini. Ukimkuta mwalimu amemkalia mtoto mgongoni ili apige msamba huku mtoto analia, ondoka na mwanao. Vivyo hivyo ukisikia watoto wanapimwa uzito mbele ya wenzao au wanakatazwa kula, maana mtoto anayenyimwa ugali na maharage ili awe mwepesi hudhoofika mifupa na huweza kuchelewa kubalehe.

Mchezo huu haufundishwi bila kumgusa mtoto, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Nchini Marekani, Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa, aliwadhalilisha wasichana kingono kwa miaka mingi, wengine mzazi akiwa chumba hichohicho, na mwaka 2018 zaidi ya 150 walitoa ushuhuda mahakamani. Kuwepo kwako pekee, basi, hakutoshi. Mwalimu aeleze mapema atamshika mtoto wapi na kwa nini, pasiwe na mazoezi ya faragha, na mtoto ajue kwamba anaweza kukataa na kukusimulia. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo.

Kwa familia nyingi za Ujiji, vazi nalo ni hoja. Kanuni huruhusu vazi linalofunika miguu yote, na wasichana wa Ujerumani walilivaa katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021.

Ikiwa utaambiwa kwamba mtoto ahamie Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, akaishi kwa mwalimu, mimi ningekataa mtoto wa umri huo aondoke bila mzazi au ndugu wa karibu, hata nauli na ada zikilipwa zote. Kabla ya yote hayo, mpe mwezi mmoja wa majaribio, kisha muulize mkiwa wawili tu njiani kurudi nyumbani, mwalimu akiwa mbali, kama kesho angependa kurudi.