Kurudisha mikoko ufukweni: maji kwanza, mbegu baadaye

Hewa ya ukaa iliyokwisha kupanda angani haiondoki upesi; sehemu yake hubaki huko kwa mamia ya miaka. Kabla ya enzi za viwanda ilikuwa sehemu 280 katika kila milioni ya hewa, leo imepita 420. Kwa hiyo kuyarudisha mabadiliko ya tabianchi yalikotoka si kazi ya kizazi kimoja. Kupunguza kasi yake kunawezekana, na mkaazi wa pwani ana nyenzo ambayo mtu wa bara hana, yaani tope la mikoko. Tope hilo halina oksijeni ya kutosha, hivyo majani na mizizi inayozama humo haiozi yote. Kaboni yake hukaa chini karne kwa karne, almuradi tope lisifukuliwe wala kukaushwa.

Kaboni nyingi ya msitu wa mikoko iko ardhini, kwa hiyo ukikata mikoko mikongwe leo na kupanda michanga kesho, hesabu haijasawazika. Kulinda msitu uliopo ndiyo kazi ya kwanza, na kupanda ni kwa mahali palipoharibika tu.

Kwa nini hapaoti?

Mikoko hudondosha mbegu kila mwaka na bahari huzisambaza bila malipo. Ukiona uwanja mtupu jirani na miti iliyokomaa, na hakuna hata mche mmoja wa asili, kuna kitu kinazuia. Ukipanda bila kukijua, unapanda miche ya kufa.

Kagua haya. Je, barabara, tuta la shamba la chumvi au bwawa la kufugia kamba limekata mkondo uliokuwa ukiingiza maji? Je, mchanga umefunika mizizi? Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hadi mikoko ya kijito cha Mwache, Mombasa, ikafa kwa kukosa pumzi. Je, kiangazi tope linafanya ukoko mweupe wa chumvi? Je, maji yanatuama baada ya bahari kupwa? Je, ng'ombe na mbuzi wanapita hapo? Na je, wakataji bado wanakuja? La mwisho halitibiwi kwa mche, linatibiwa kwa kikao cha kijiji.

Mkondo ulioziba fungua kwa jembe na koleo. Anzia upande wa bahari, wakati wa maji kupwa, ukifuata njia ya zamani ya maji. Mara nyingi bado inaonekana kama bonde dogo. Sakafu ya mkondo iteremke kidogo kidogo kuelekea baharini, isibakize dimbwi. Tope ulilochimba lisiachwe kama ukuta kando ya mkondo, maana hilo ni tuta jipya. Litandaze mbali, liwe jembamba, au libebwe. Kisha ngoja bamvua kadhaa, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu, uone kinachotokea. Kama mbegu zipo karibu, huenda miche ikajiotea yenyewe na kazi yako ikaishia hapo. Miche ya namna hiyo ni imara kuliko yoyote utakayopanda.

Kupima kimo

Hapa ndipo miradi mingi huanguka. Mikoko huota juu ya wastani wa usawa wa bahari, si chini yake. Uwanda wa tope ulio wazi mbele ya msitu huvutia kwa sababu hauna mwenyewe wala ugomvi wa ardhi, na watu mia wakipiga picha pale na miche mkononi hupendeza. Lakini maji hukaa hapo muda mrefu mno, mawimbi hung'oa, na mche hufa. Nchini Ufilipino, ambako mikoko ilipandwa kwa wingi katika sehemu za namna hiyo, iliyodumu kwa muda mrefu ni kama asilimia 10 hadi 20 tu. Kwenye nyasi bahari usipande kabisa. Nazo zinahifadhi kaboni, na samaki wanazitegemea.

Kimo unaweza kukipima kwa maji yenyewe. Chagua siku ya bamvua isiyo na upepo. Mtu mmoja asimame penye miche ya asili yenye afya, kwenye ile ya chini kabisa. Maji yakiigusa, apige simu. Mwenzake aliye kwenye eneo la kupanda achomeke vigingi palepale ukingo wa maji ulipofika. Rudieni kwa miche ya juu kabisa. Kati ya mistari hiyo miwili ndipo pa kupanda aina hiyo ya mti. Njia hii inafaa ndani ya kijito kimoja, kwa umbali mfupi. Ikiwa kuna tuta katikati, maji yatachelewa upande mmoja na vipimo vitadanganya. Hapo tumia mpira mwangavu uliojazwa maji, kama ule wanaosawazishia msingi mafundi wa ujenzi.

Kila mti una ngazi yake. Mlilana hutangulia mbele, unakofikiwa na maji kila siku. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, wenye mizizi ya magongo. Kisha muia na mkandaa, wanaotosheka na maji ya mara chache zaidi. Mchu ni mkaidi: utauona mbele na utauona tena nyuma kabisa, kwenye chumvi kali ambako mingine imeshindwa. Mkomafi hupenda ukingo wa nchi kavu. Kupanda mkoko mtupu kila mahali, eti kwa kuwa mbegu yake ni rahisi kushika, ni kosa la kawaida kuliko yote.

Mbegu na upandaji

Mbegu ya mkoko huwa imekwisha chipua ingali mtini. Imekomaa pale pete ya manjano inapojitokeza kati ya kofia na sehemu ndefu ya kijani. Isiyo na pete iache. Ukiokota chini, kataa yenye tundu la mdudu au iliyonyauka. Kofia usiing'oe kwa nguvu, utavunja kichipukizi, itadondoka yenyewe. Weka mbegu kivulini, zifunikwe kwa gunia bichi, na uzipande mapema. Wengine huziacha kivulini siku chache makusudi ili zisiwavutie sana kaa.

Zichomeke wima, kichipukizi juu, sentimita 7 hadi 10 ndani ya tope. Isizidi theluthi ya urefu wake. Anza bamvua inapokwisha, ili maji mafu yanayofuata, yaani siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana, yaipe nafasi ya kushika kabla ya mkondo mkali kurudi. Kwenye maeneo ya juu yenye chumvi subiri masika, mvua huzimua tope.

Mchu ni habari nyingine. Loweka mbegu usiku kucha hadi ganda litoke, kisha ziweke kwenye viriba (vifuko vya plastiki vya miche) vilivyojazwa tope la ukingoni, zikandamizwe kidogo tu bila kufukiwa. Hazitunziki, zioteshe ndani ya siku chache. Kitalu kiwe mahali maji ya bamvua yanapofika ili kujinywesha, na kivuli chake kiwe cha makuti. Mwezi mmoja kabla ya kuhamisha, punguza makuti polepole. Siku ya kupanda chana kiriba na urudi nacho nyumbani.

Nafasi ya mita 1 kwa 1 hula miche 10,000 kwa hekta, mita 1.5 hula kama 4,440. Mita 2 ni 2,500. Penye mawimbi bana, penye utulivu achia. Tenga moja ya tano zaidi kwa kujazia mapengo. Na kabla ya yote, kibali: mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali, zungumza na Huduma ya Misitu (KFS), Tanzania Bara ni Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), Zanzibar ni idara ya misitu.

Kufuatilia

Weka viwanja vya mita 10 kwa 10 vyenye alama za kudumu, uhesabu mwezi wa 1, wa 3, wa 6 na wa 12, halafu kila mwaka. Hesabu ya siku ya kupanda haimwambii mtu chochote. Ya mwaka wa tatu ndiyo yenye uzito. Shina lililokatwa chini ni kaa, dawa yake ni kujazia kwa miche ya kitalu yenye shina gumu. Ncha za majani zikikauka, shuku chumvi. Miche iking'oka mizima, kimo kilikosewa. Usipande tena palepale. Unene wa mkoko hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa gongo ulio juu kabisa, si kifuani kama miti mingine.

Faida yake kwa hewa ni kiasi gani? Mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi na Makongeni, Kwale, Kenya, ulianza 2013 na unauza kaboni, yaani hati za hewa ya ukaa iliyozuiwa kupanda angani. Hekta zake 117 zimehesabiwa kuzuia tani 3,000 hivi za hewa ya ukaa kwa mwaka, nyingi zikitokana na kulinda msitu uliokuwapo kuliko kupanda. Vanga, Kwale hiyohiyo, walifuata 2019 kwa hekta 460. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi, kwa hiyo hizo tani 3,000 ni sawa na lita milioni 1.1. Kwa kijiji ni nyingi, kwa bandari moja yenye malori si kitu, na ndiyo maana hakuna msitu wa kumsamehe mchoma mafuta.

Gazi walifanya jambo jingine ambalo miradi mingi husahau. Walipanda mivinje nchi kavu, ili mtu anayetaka kuni na miti ya kujengea awe na pa kwenda. Bila hilo, wakataji huhamia kijito cha pili.

Mwisho, acha ardhi tupu nyuma ya mikoko. Bahari inapanda, na msitu utataka kurudi nyuma nayo. Ukuta wa hoteli au barabara mgongoni mwake huubana hadi uzame. Shauri la uwanja huo lifikishwe kwenye kamati ya ardhi kabla mche wa kwanza haujachomekwa, kwa sababu baada ya viwanja kupimwa, bei yake itakuwa imewashinda wanakijiji.