Jinsi ya kuangalia WKRP in Cincinnati ili umwone Venus vizuri

Hii komedi ya kituo cha redio, ya TV ya Marekani CBS, ilirushwa 1978 hadi 1982, sizoni nne, na hapa Tanga wanaoijua wengi wanajua ile episodi ya bata mzinga waliorushwa toka helikopta tu. Usianzie hapo, utacheka halafu utaiacha.

Anza na episodi mbili za kwanza kabisa. Redio inakufa kibiashara, bosi mpya wa vipindi Andy anageuza kila kitu kuwa roki, analeta mtangazaji wa usiku, Venus Flytrap, anaigizwa na Tim Reid. Manguo ya kung'aa, sauti nzito, utadhani ndo yule mweusi wa kuchekesha tu waliyemzoea kwenye TV za Marekani enzi zile. Vumilia.

Kisha ruka mpaka "Who Is Gordon Sims?" bado sizoni ya kwanza. Hapo ndo unajua Venus si jina lake, alitoroka jeshi kipindi cha vita ya Vietnam, na alishawahi kuwa mwalimu. Hapa zima simu jamani, hii episodi haitaki mtu anayechati.

Kabla hujatumia bando lako kagua muziki. Haki za nyimbo ziliisha kwahiyo kopi nyingi za baadae walitoa nyimbo zenyewe wakaweka midundo isiyojulikana, hata sauti ya mtangazaji inabadilika ghafla ukisikiliza vizuri. DVD za 2014 zilirudisha nyimbo nyingi, tafuta hizo, redio bila nyimbo zake inakuwa imepooza.

Kama unaangalia na wazee usitafsiri kila sentensi kama madijei wa muvi, subiri tukio liishe ueleze kwa ufupi. Sisi Ngamiani tunaangalia baada ya isha, chai ya tangawizi na bajia zipo, nasimamisha mara mbili tatu inatosha.

Mwisho ndo "Venus and the Man" ya 1981, na hii uwe na karatasi na kalamu pembeni. Kijana kaacha shule, mama yake anafanya usafi pale redioni, Venus anamfundisha atomu kwa lugha ya magenge ya mtaani, protoni genge lake, elektroni genge lake, kila mtu na eneo lake. Ule ualimu wa zamani unarudi wote pale. Mdogo wangu yuko form two, aliniomba nirudishe mara tatu, akaichora atomu yake nyuma ya daftari la kemia.