Mikrojeli za NIPAM ndani ya kaboni dioksaidi ya superkritiko

Mikrojeli ni chembe ndogo sana za jeli inayovimba majini. Hapa tunazitengeneza ndani ya kaboni dioksaidi iliyobanwa na kupashwa hadi ikawa superkritiko, yaani si gesi kamili wala kimiminika kamili. Vipimo hivi ni vya seli (chombo cha shinikizo) ya chuma cha pua ya mililita 30, yenye kikorogeo cha sumaku na kisahani cha usalama kinachopasuka shinikizo likizidi, inayohimili angalau megapaskali (MPa) 35.

Weka NIPAM (N-isopropilakrilamaidi, malighafi yenyewe) gramu 1.5, MBA (methilinibisakrilamaidi) gramu 0.045 ya kuunganisha minyororo, AIBN (azobisisobutironitrili) gramu 0.015 ya kuanzisha mmenyuko, na asidi ya perfluoropolietha gramu 0.15. Hii ya mwisho ni ghali na mtu hushawishika kuiruka. Usithubutu. NIPAM huyeyuka kwenye kaboni dioksaidi, polima yake, yaani minyororo ya molekuli zake zilizoungana, haiyeyuki. Bila kitu cha kuzitenga chembe, utafungua seli ukute madonge, kama ugali uliokosa mwiko. MBA nayo huyeyuka shingo upande, kwa hiyo isage laini. Ikizidi, jeli hukakamaa isivimbe. Vaa glavu: jamii ya akrilamaidi ni ya kuogopwa, hudhuru neva.

Fukuza oksijeni kwa kupitisha gesi ya kaboni dioksaidi mara tatu, kisha jaza kaboni dioksaidi kwa mizani, takriban gramu 20. Geji itakudanganya: kwenye chumba cha Nairobi cha nyuzi 20, husoma MPa 5.7 hivi, kimiminika kiwe robo ya seli au karibu kujaa. Pasha hadi nyuzi 65. Shinikizo litafika karibu MPa 20. Likipita 25 ulijaza kupita kiasi. Zima hita, seli ipoe, valvu usiiguse kwa pupa.

Koroga saa 24. Kwa joto hilo nusu ya AIBN huchukua kama saa 10 kuvunjika, hivyo hakuna njia ya mkato. Stima ikipotea usiku chembe hutua na kushikana, kwa hiyo betri ya akiba ibebe kikorogeo kwanza, hita baadaye.

Suuza monoma (NIPAM ambayo haijaungana) iliyobaki kwa kaboni dioksaidi mpya, nyuzi 40, MPa 20. Toa gesi polepole, kama saa nzima, madirisha wazi. Ukiharakisha, barafu kavu huziba valvu na mpira wa kifuniko, ulioshiba gesi, hupasuka.

Loweka unga uliopatikana gramu 0.05 kwenye maji mililita 10 usiku kucha, kisha pasha. Kati ya nyuzi 32 na 34 maji hugeuka meupe, na yakipoa weupe huondoka. Hilo peke yake si ushahidi, maana polima ya NIPAM ambayo minyororo yake haikuunganishwa nayo hufanya hivyo. Zungusha sampuli baridi kwenye sentrifuji: mikrojeli hutuama, polima ya kawaida hubaki imeyeyuka majini.