Jinsi ya kuangalia mbio za baiskeli za milimani ukaelewa nani anamfanyia kazi nani

Wadau wa baiskeli wa Mbeya, Iringa na Njombe, hii ni kwa ajili yenu, maana wengi tukiweka Tour de France, zile mbio za wiki tatu za Ufaransa, siku ya mlima macho yote yanaenda kwa yule aliye mbele, na mara nyingi yule wala sio mwenye mbio siku hiyo. Mbio ziko nyuma yake dakika mbili tatu, kwenye lile kundi ambalo vinara, yaani wale wanaopigania kuchukua Tour nzima, wamejificha katikati ya wenzao.

Kwanza kabisa angalia mchoro wa njia kabla hujawasha TV. Milima imepangwa madaraja, ya nne ndo rahisi, ya kwanza ngumu, halafu kuna ile inayoitwa HC ambayo imezidi madaraja yote. Cheki mlima wa mwisho uko wapi, kama mstari wa kumalizia uko juu kileleni basi jiandae, siku hiyo watu watatengana. L'Alpe d'Huez kwa mfano ni kilomita 13.8, kona 21, wastani wa mwinuko asilimia 8, na pale mwisho ni kama mita 1,850, yaani juu kidogo tu ya Mbeya mjini! Muda nao uzingatie, kwa saa zetu wanamaliza kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, so ukianza kuangalia saa kumi hujakosa la maana.

Sasa kazi yenyewe: hesabu watu. Kila timu inaanza na waendeshaji 8, mmoja ndo kinara, wengine ni wasaidizi na hawana aibu nayo, ndo kazi waliyoajiriwa. Kwenye tambarare wanamkinga upepo, anayekaa nyuma ya mwenzake anaokoa nguvu nyingi sana. Mlimani spidi inashuka kwa hiyo kinga ya upepo inapungua, hapo msaidizi kazi yake inakuwa kuvuta mwendo mkali usiobadilika ili wapinzani wasipate nafasi ya kuchomoka. Utamuona anavuta mpaka miguu inagoma, anakaa pembeni, anapokea mwingine. Mwangalie pia yule anayerudi nyuma kwenye gari la timu, anajaza chupa mgongoni mwa jezi mpaka inatuna, halafu anapanda tena kuwafikia wenzake kwenye mlima uleule, mi huyu huwa namheshimu kuliko wote.

Kinara akibaki peke yake na mpinzani wake bado ana wawili, hiyo ndo dalili ya hatari. Mfano mzuri ni hatua ya 11 (yaani mbio za siku ya 11) ya Tour ya 2022, iliyoishia juu ya Col du Granon, zaidi ya mita 2,400. Jumbo-Visma, timu ya Roglič na Vingegaard, walikuwa wametanguliza watu kwenye kundi la mbele mapema, halafu kwenye Galibier, mlima wa kabla ya Granon, wakawa wanamshambulia kwa zamu Tadej Pogačar aliyekuwa na jezi ya njano ya anayeongoza Tour, Primož Roglič anachomoka, akikamatwa anachomoka Jonas Vingegaard, na Pogačar anajibu mwenyewe kila mara. Alionekana yuko fresh kabisa. Kwenye Granon, Vingegaard akaondoka, Pogačar akapoteza dakika 2 na sekunde 51 na jezi ya njano ikaenda, na Tour ile Vingegaard akaichukua. Ukiitafuta marudio anza kuangalia Galibier, usiruke mpaka mwisho.

Dalili za mtu kuisha ziko mwilini. Mabega yanaanza kuyumba, anasimama kwenye pedeli anakaa anasimama tena, alikuwa wa pili kwenye mstari sasa ni wa tano. Ukiona hivyo usiondoe macho kwenye TV, shambulio linakuja.

Na wale wa mwisho kabisa msiwacheke. Ni watu wa spidi za tambarare, wanapanda pamoja kwa sababu kuna muda wa kikomo, ukichelewa unaondolewa mashindanoni. Biniam Girmay wa Eritrea alivyochukua jezi ya kijani, ile ya kinara wa pointi, 2024 ilibidi avuke milima yote hiyo ndani ya muda.

Ukitaka kuelewa kwa miguu yako, chukueni wenzako wanne mpande barabara ya Chunya kutokea Mbeya mjini. Mmoja avute mwendo uleule bila kurukaruka, wengine mkae nyuma yake, akichoka apokee mwingine, na mchagueni mapema mmoja ambaye hatavuta hata kidogo mpaka karibu na kileleni. Utashangaa atakavyowaacha. Mkague raba za breki kabla ya kuondoka na kila mtu abebe jaketi, kule juu kuna baridi na ukungu na kushuka umelowa jasho ni mateso. Mlima Kitonga kule Iringa msijaribu hili zoezi, malori ni mengi mno.