Kukagua Lebo za VLAN Zinazoshughulikiwa na Kadi ya Mtandao kwenye Linux

Tuchukue shule ya sekondari jijini Mbeya ambayo ruta yake ni kompyuta iliyotumika, iliyonunuliwa Mwanjelwa ikiwa na kadi moja tu ya mtandao, na ambayo inatakiwa kutenganisha ofisi ya mhasibu na maabara ya wanafunzi kwa VLAN (mitandao iliyotenganishwa inayopita kwenye waya zilezile) namba 10 na 20. Kabla ya kugusa swichi, ni vyema fundi aikague draiva ya kadi hiyo, yaani programu inayoiendesha.

Lebo ya VLAN, kwa kiwango cha 802.1Q, ni baiti 4 zinazowekwa ndani ya fremu (kifurushi cha data kwenye mtandao) baada ya anwani ya mtumaji, ili kuonyesha fremu ni ya VLAN ipi. Kerneli, yaani kiini cha Linux, inaweza kuiweka na kuiondoa yenyewe, au kazi hiyo ikaachiwa kadi. Ili kujua nani anaifanya, andika (hapa `enp3s0` ni jina la kadi):

`ethtool -k enp3s0 | grep vlan`

Mstari wa `tx-vlan-offload` unahusu kutuma, na wa `rx-vlan-offload` unahusu kupokea. Neno `[fixed]` likionekana pembeni, draiva hairuhusu mpangilio huo kubadilishwa. Kisha unda VLAN:

`ip link add link enp3s0 name enp3s0.10 type vlan id 10`
`ip link set enp3s0.10 up`

Matatizo mengi huonekana upande wa kupokea. Kadi inapoiondoa lebo, fremu hufika kwenye kumbukumbu bila zile baiti 4, na namba ya VLAN huachwa kando, kwa kawaida kwenye deskripta, yaani rekodi fupi ambayo kadi huiandikia draiva kuhusu kila fremu. Ni wajibu wa draiva kuichukua na kuikabidhi kwa kerneli kwa kuita `__vlan_hwaccel_put_tag()`. Draiva isipofanya hivyo, fremu ya mhasibu huhesabiwa kuwa haina lebo, na `enp3s0.10` hubaki kimya ingawa swichi imepangwa sawasawa. Fundi asiyelijua hili anaweza kumaliza siku nzima akibadilisha waya.

Sikiliza fremu zinazopita kwa `tcpdump -e -n -i enp3s0`. Draiva ikiwa nzima, utaona `vlan 10` hata kama kadi ndiyo iliyoondoa lebo, kwa sababu tcpdump huirudisha kutoka kwenye taarifa za kerneli. Isipoonekana, zima kazi ya kadi kwa `ethtool -K enp3s0 rxvlan off` na usikilize tena. Lebo ikijitokeza sasa, kasoro iko kwenye draiva au kwenye kadi yenyewe. Kwa mtandao wa ukubwa wa shule, mzigo unaohamia kwenye prosesa ni mdogo mno kiasi kwamba sioni sababu ya kuhangaika kuiwasha tena.

Jaribu pia `ping -M do -s 1472`, inayotuma pakiti ya ukubwa kamili bila kuruhusu ikatwe, kuelekea kompyuta iliyo ndani ya VLAN hiyo, kwa kuwa lebo hurefusha fremu kubwa kutoka baiti 1518 hadi 1522, na kadi nyingine za zamani huitupa.

Mpangilio wa ethtool hupotea kompyuta inapozimika, na umeme hukatika. Kwenye Debian inayotumia `/etc/network/interfaces`, ongeza mstari huu chini ya `iface enp3s0`:

`post-up /sbin/ethtool -K enp3s0 rxvlan off`