Kupanga matini ndefu ya Kiswahili: fonti, upana wa mstari na kukata maneno

Mipangilio ya kuanzia ya programu nyingi za kurasa inafaa maneno mafupi ya Kiingereza. Kiswahili hupachika mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo mstari wake una maneno machache na marefu. Vipimo vilivyomo humu ni vya kitabu cha A5.

1. Fonti

Biblia ya Gutenberg, iliyochapwa Mainz karibu na mwaka 1455, iliiga mwandiko mzito wenye pembe wa wanakili wa Ujerumani. Herufi tunazosoma leo zina asili nyingine, Venice. Nicolas Jenson alichapa huko kwa herufi za mviringo mwaka 1470. Aldus Manutius na mchongaji wake wa herufi Francesco Griffo wakaleta herufi za mlazo mwaka 1501. Claude Garamond aliuendeleza ukoo huo Paris katika karne hiyohiyo. Baadaye John Baskerville wa Birmingham aliongeza tofauti kati ya mstari mnene na mwembamba, na kufikia mwisho wa karne ya 18 wachongaji wa herufi Didot na Bodoni walikuwa wameipeleka tofauti hiyo hadi kikomo. Herufi zisizo na serifu (vijimstari vidogo kwenye ncha za herufi) zilianza kuuzwa London mwaka 1816. Helvetica, mojawapo ya hizo, ni ya 1957.

Historia hii ndiyo inayokuchagulia. Kwa kurasa 200 za kusoma, chukua ukoo wa Garamond au Caslon, fonti nyingine ya mtindo wa zamani. Bodoni iache kwenye vichwa: ikiwa pointi 10 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi), mistari yake myembamba hufifia, na neno kama “mwanamume” hugeuka safu ya nguzo. Helvetica ni nzuri kwa majedwali.

Usiipime fonti kwa sentensi ya Kiingereza. Andika *ufikiaji, ng’ang’ania, wakiwakaribisha, kikwazo*. Tazama kama kichwa cha f kinagonga nukta ya i, kama ritifaa (alama iliyo katika ng’) inagusa sikio la g, yaani kijipande kinachochomoza juu yake, na kama k na w zinaacha mianya.

2. Ukubwa na mistari

Garamond pointi 11, nafasi kati ya mistari pointi 14, upana wa mstari milimita 105. Utapata herufi 60 hivi, yaani maneno manane au tisa. Ukibadilisha fonti, pima upya: pointi ilipima kipande cha madini ya risasi kilichobeba herufi, si herufi yenyewe, ndiyo maana Helvetica ya 11 huonekana kubwa kuliko Garamond ya 11.

3. Ritifaa

Tumia moja tu, iliyopinda kama tarakimu 9 (msimbo wake wa Unicode ni U+2019), kitabu kizima. Matini iliyotoka kwa waandishi kadhaa huwa na iliyonyooka, iliyopinda kinyume, hata alama ya mkazo. Zikibaki zimechanganyika, faharasa inaweza kuorodhesha “ng’ombe” mara mbili. Nukuu ziweke kwenye alama za mtajo mbili, usitumie moja, ili zisichanganyike na ritifaa.

4. Kukata maneno mwishoni mwa mstari

Kazi nyingi huharibikia hapa. Kwanza angalia lugha ya hati. Ikiwa imewekwa kuwa Kiingereza, programu itakata “mwen-yekiti” na “nyum-ba” bila kusita. Kama haina kanuni za Kiswahili, zima ukataji wa kiotomatiki kabisa.

Kisha panga matini kwa kuisawazisha kushoto tu. Ukisawazisha pande zote mbili bila kukata maneno, “hawajatutambulisha” likishindwa kuingia huteremka zima, na maneno sita yaliyobaki hutawanywa kujaza mstari. Ukifanya hivyo kwenye safu mbili za gazeti, mashimo hayazuiliki.

Mahali pa kukata ni baada ya irabu. Mb, nd, nj, ng, ng’, ny, sh, ch, th, dh, gh na mw hazitenganishwi: *nyu-mba, kite-ndawili, mwenye-kiti*. Baadhi ya maneno ya mkopo hukatwa kati ya konsonanti: *mak-taba, ras-mi*.

Ila kanuni ya silabi pekee haitoshi. “Ya-liyoandikwa” ni sahihi kisilabi, lakini jicho husoma “ya” kama neno kamili na kulazimika kurudi. Hali ni hiyo kwa *wa-, na-, la-, kwa-*. Acha angalau herufi nne kabla ya kistari na tatu baada yake. Hata hapo kuna mtego: “kumaliza” na “kumaanisha” zikikatwa baada ya silabi ya pili huacha tusi mwishoni mwa mstari. Tafuta kila neno linaloanza na herufi hizo nne, uzuie lisikatwe.

Kistari cha kuingiza kiwe laini: Ctrl na kitufe cha kistari katika Word na LibreOffice. Huonekana tu neno linapokatika. Kistari cha kawaida hubaki hata matini ikisogea, na hivyo ndivyo “mwenye-kiti” hujitokeza katikati ya mstari siku ya kuchapa. Usiruhusu mistari zaidi ya miwili mfululizo kuishia na kistari.

5. Jaribio

Chapa kurasa mbili kwa asilimia 100, bila kuruhusu printa ipunguze ukubwa. Geuza karatasi juu chini: usipoweza kusoma maneno, mianya inayoteremka kutoka mstari hadi mstari hujionyesha. Itie alama kwa penseli, urudi hatua ya 4.