Dirisha la zamani: kata fremu, usiing'oe kwa mtaimbo

Jumamosi tulibadilisha dirisha la mbao kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Igogo, Mwanza, na fundi akanionyesha hili. Ukishatoa vioo (vibandike selotepu kwanza, visitawanyike), usichokonoe kati ya fremu na ukuta. Kata mwimo mmoja (mbao ya wima ya ubavuni mwa fremu) katikati kwa msumeno, mshazari kidogo, kisha vuta vipande kuelekea kwenye uwazi. Mtaimbo huegemea tofali ndipo upate nguvu, na tofali la ukingoni ndilo linalong'oka. Fremu iliyokatwa inajikunja yenyewe bila kulisukuma tofali. Misumari iliyojengewa ukutani utaikata kwa msumeno wa chuma. Kwetu plasta ilimeguka upana wa vidole viwili tu.

Ila kabla ya kukata chochote, kwangua plasta juu ya dirisha. Ukiona lenta (boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha) ya zege iliyokalia ukuta pande zote mbili, endelea. Ukikuta matofali yamelala juu ya mbao yenyewe, simama hapo hapo, tafadhali! Fremu hiyo ndiyo imebeba ukuta. Mwite fundi aweke mirunda ya kushikilia ukuta na kujenga lenta kwanza. Na anzeni asubuhi, mvua ya ziwani haibishi hodi.